Barua ya wazi kwa wasimamizi wa miradi ya programu huria: mnapohama seva, hameni na kumbukumbu zetu

Ndugu wajumbe wa bodi na ndugu wasimamizi wa seva,

Ninawaandikia kutoka Morogoro, nikiwa mmoja wa wafasiri wa kujitolea ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiziweka programu huria katika Kiswahili jioni, baada ya kazi zao za kutwa. Sina cheo katika mradi wowote kati ya miradi yenu, wala sina nenosiri la seva hata moja. Nilichonacho ni kazi yangu iliyolala ndani ya mitambo yenu, pamoja na kazi ya wenzangu wa Mombasa, Zanzibar, Kampala na Bukavu, na ndiyo maana kila ninaposikia kwamba mradi fulani unahama kutoka huduma moja ya kupangisha seva kwenda nyingine, nalisoma tangazo lile mara mbili. Mara ya kwanza nasoma nijue tunakwenda wapi. Mara ya pili natafuta sentensi moja inayosema ni nini kitachukuliwa na ni nini kitaachwa, na mara nyingi sentensi hiyo haimo.

Siwalaumu kwa kuhama. Najua kwamba mara nyingi hamkuchagua. Mwishoni mwa Januari 2025 wasimamizi wa freedesktop.org walieleza kwamba kampuni ya Equinix, iliyokuwa ikiwapa seva bila malipo, inaifunga huduma hiyo, na kwamba mitambo yao ilitakiwa iwe imeondoka kufikia mwisho wa Aprili. Kwa msomaji asiyelijua jina hilo, freedesktop.org ni mahali panapotunzwa Mesa, inayochora picha kwenye skrini, X.Org na Wayland, zinazopanga madirisha, PipeWire, inayoshughulikia sauti, na miradi mingine mingi ambayo mtumiaji wa kawaida haijui kwa majina lakini huitumia kila siku. Kompyuta ya maabara ya shule inayotumia Ubuntu, iwe Iringa au Kisumu, haionyeshi dirisha hata moja bila kazi inayotunzwa pale. Wasimamizi wale walikuwa na miezi mitatu kuhamisha mitambo inayosafirisha takriban terabaiti 50 za data kwa mwezi, na ambayo kwa bei za Equinix ingewagharimu kama dola 24,000 kila mwezi endapo wangeilipia wenyewe. Katikati ya Machi walianza kuhamia kwa kampuni ya Kijerumani ya Hetzner. Mpangaji yeyote aliyewahi kupewa notisi na mwenye nyumba ataelewa uzito wa miezi mitatu ya namna hiyo, na mimi nawapa heshima yao yote kwa kuifanya kazi ile hadharani, wakaorodhesha mashine walizonazo, matumizi yao na gharama zake, kila mtu akaona.

Basi niseme kwanza jambo ambalo halinipi hofu. Msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, ndio mzigo mwepesi kuliko yote. Git, chombo cha kutunza kila badiliko la msimbo, ambacho Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kukiandika Aprili 2005 baada ya watunzaji wa Linux kuondolewa leseni ya bure ya BitKeeper, chombo walichokuwa wakikitumia kwa kazi hiyo, kilijengwa ili kila anayechukua nakala aichukue na historia yake yote. Seva za kernel.org, makao ya msimbo wa Linux, zilipovamiwa mwaka 2011 na kuzimwa kwa wiki kadhaa, Torvalds aliiweka Linux kwa muda kwenye GitHub, huduma ya kampuni inayopangisha hazina za git, na kazi ikaendelea, kwa sababu nakala kamili zilikuwa mikononi mwa watu wengi, na kila badiliko lilikuwa na alama yake ya kihesabu ambayo mvamizi asingeweza kuibadilisha bila kugundulika. Mradi unaotumia git ukihama leo, msimbo unahama kwa amri mbili tatu. Tangazo linaposema kwamba hazina yote ya msimbo imefika salama, husema kweli, ila husema kweli juu ya sehemu ile ambayo isingepotea hata kama seva zingeungua moto.

Yaliyo nje ya git ndiyo yaliyonifanya niandike. Ripoti za hitilafu pamoja na majibu yake. Mapitio ya mabadiliko, ambamo mtu alieleza kwa nini njia fulani ilikataliwa. Maoni ya wafasiri chini ya kila sentensi. Picha za skrini. Kurasa za kuwaongoza wanaoanza. Majina ya waliofanya kazi. Haya yote hukaa kwenye hifadhidata ya huduma mnayoitumia, katika mpangilio wa huduma hiyo, na hayamo katika nakala ya mtu yeyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mradi wa programu ni mazungumzo hayo. Msimbo hutuonyesha programu inafanya nini. Kwa nini inafanya hivyo, jibu liko kwenye ripoti yenye namba fulani iliyofungwa miaka minane iliyopita, na aliyeiandika huenda ameshaacha kazi hii au ameshafariki dunia.

Nitoe mfano ulionikuta mwenyewe, bila kuutaja mradi, kwa sababu nia yangu si kuuaibisha. Tulikuwa wafasiri watano wa Kiswahili, na kwa miezi tulibishana juu ya maneno mawili, pakua na pakia. Katika Kiswahili cha kompyuta, kupakua ni kulileta faili kutoka mtandaoni na kupakia ni kulipeleka. Ni maneno mazuri, yamechukuliwa jikoni na barabarani, kwa kuwa chakula hupakuliwa chunguni na mzigo hupakiwa kwenye lori. Lakini yanatofautiana kwa sauti moja tu, na kwenye vitufe vidogo vya simu vilivyopangwa jirani tulikuwa tukiona watumiaji wakibonyeza kimoja huku wakikusudia kingine. Mwenzetu wa Mombasa alileta picha za skrini za watu aliowaketisha chini na kuwaangalia wakitumia programu. Mwingine alishikilia kwamba neno lililokwisha kuzoeleka lisiguswe, kwa sababu kuwavuruga wanaolijua ni gharama vilevile. Mwishowe tukakubaliana kwamba vitufe viwili vinapokaa jirani viandikwe pakua na tuma, na pakia ibaki katika maelezo marefu, ambako hakuna wa kulichanganya. Hoja zote, za kukubali na za kukataa, ziliandikwa chini ya sentensi husika ili atakayekuja baadaye azisome.

Mradi ukahamia jukwaa jingine la tafsiri. Sentensi zetu zilifika zote. Maoni hayakufika hata moja. Ndani ya mafaili, mstari unaotaja mfasiri wa mwisho ulikuwa umejazwa jina la akaunti ya roboti iliyofanya uhamisho. Haukupita mwaka kabla mchangiaji mpya, kijana mwenye bidii na Kiswahili safi, hajazibadilisha tuma zote zikawa pakia, akiamini kwamba amekuta kosa na amelisahihisha. Hakukosea yeye, kwa sababu hapakuwa na ukurasa wowote ambao tungeweza kumwonyesha. Tulianza mabishano upya, wawili tu kati ya wale watano tukiwa bado tupo, na bila picha za Mombasa tulikuwa watu wawili wazima wanaosema tunakumbuka. Mwenzetu yule hakurudi tena kwenye kazi hii. Aliniandikia kwamba amefungua ukurasa wa wachangiaji kumwonyesha binti yake, na jina lake halikuwemo.

Kwa lugha kubwa zenye kamusi za kompyuta zilizochapishwa na kusahihishwa mara nyingi, hasara kama hii huenda ikavumilika. Kwetu sisi mara nyingi programu ndiyo kamusi yenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri kwa Kiswahili ya OpenOffice.org, programu za ofisi za kuandikia na kupigia hesabu. Watu walikaa wakapima neno kwa neno yale ambayo leo tunayatamka bila kuwaza. Kisha nyumba iliyoibeba kazi ile ikabadilisha wenyewe kwa haraka. Oracle ilikamilisha kuinunua Sun Microsystems, kampuni iliyokuwa ikiisimamia OpenOffice.org, Januari 2010, Septemba mwaka huohuo kundi kubwa la wachangiaji likaondoka na kuanzisha LibreOffice, na Juni 2011 Oracle ikaukabidhi mradi kwa Wakfu wa Programu wa Apache. Ndani ya mwaka mmoja na nusu vilibadilika jina, wasimamizi na mahali pa kukaa. Mimi nilipotaka kujua kwa nini neno fulani lilichaguliwa na jingine likaachwa, ilinibidi nimtafute mtu aliyewahi kushiriki katika tafsiri za wakati ule nimuulize kwa mdomo, naye alikumbuka nusu. Siku atakapokuwa hayupo, hata hiyo nusu haitakuwepo.

Huenda mtanijibu kwamba haiwezekani kuhamisha kila kitu, kwa sababu mfumo mmoja haufanani na mwingine na wafanyakazi wenu ni wachache. Naomba mtazame walivyofanya watunzaji wa Python, lugha ya kuandikia programu. Pendekezo la kuhamisha ripoti zao za hitilafu kutoka bugs.python.org kwenda GitHub lilikubaliwa mwaka 2019 na uhamisho ukafanyika Aprili 2022. Wapo waliopinga, wakisema kwamba mradi mkubwa kiasi hicho hautakiwi kuweka kumbukumbu zake chini ya kampuni moja, na hofu hiyo mimi naiona ya haki. Hata hivyo kazi yenyewe ya kuhama ilifanywa kwa uangalifu ambao ningependa kuuona kila mahali. Makumi ya maelfu ya ripoti yalivushwa pamoja na majibu yake, kila moja ikibeba namba yake ya zamani, na tovuti ya awali haikuzimwa bali ilifungwa kwa maandishi mapya tu, ikabaki inasomeka huku ikionyesha kila ripoti imekwenda wapi. Mtu anayekutana leo na namba ya zamani ndani ya maelezo ya msimbo wa mwaka 2009 anaweza kuifuata hadi mwisho wake. Miaka mitatu ni mirefu, nakubali, na wenye notisi ya miezi mitatu hawana anasa hiyo, lakini kutunza namba za zamani na kuacha kurasa za awali zisomeke si mambo yanayohitaji miaka. Yanahitaji mtu wa kuyaandika katika mpango kabla ya siku ya kuhama.

Upande wa pili kuna Bitbucket, huduma nyingine ya kupangisha hazina za msimbo. Agosti 2019 wenye huduma hiyo walitangaza kwamba wataacha kabisa kuhudumia hazina za Mercurial, chombo kinachofanya kazi kama ya git, na mwaka 2020 wakaziondoa. Watu wa Octobus, kampuni inayoshughulika na Mercurial, na Software Heritage, hifadhi ya kumbukumbu za msimbo, walijitosa wakaokoa zaidi ya hazina 200,000 za umma, kazi ambayo dunia nzima ya programu inapaswa kuwashukuru. Lakini miradi mingi iliyokuwa mle ilikuwa imekwisha kulala, wenyewe wakiwa wameshahamia shughuli nyingine, na hakuna aliyesoma tangazo. Ninawasihi mlifikirie hilo, kwa kuwa uhamisho hupangwa na walio macho ilhali hasara yake kubwa huwapata wasiokuwepo. Mchangiaji aliyeandika ripoti tano nzuri mwaka 2013 kisha akaenda kulea watoto hatajibu barua pepe yenu inayompa siku thelathini. Anayeweza kumsemea ni ninyi tu.

Kwa hiyo ombi langu la msingi ni hili. Kabla hamjaigusa seva mpya, toeni mazungumzo yote ya umma katika mafaili ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyafungua bila huduma yoyote maalumu, yakiwa na namba, tarehe na majina kama yalivyoandikwa, kisha muyaweke mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyachukua na kutunza nakala yake. Mkifanya hivyo, mazungumzo yatakuwa kama msimbo, yaani nakala zitakuwa nyingi na hakuna notisi ya mwenye nyumba itakayoyatisha tena. Ziondoeni taarifa za siri na anwani ambazo watu hawakuzitoa kwa umma, kwa sababu hapo ni lazima kuwa makini, lakini msitumie haki ya usiri kuwa sababu ya kufuta maneno ambayo watu waliyaandika hadharani kwa kujua. Na majina yabaki. Ikiwa akaunti ya mtu haiwezi kuhamishwa, jina lake liandikwe kwa maandishi tu juu ya maneno yake. Weblate, ambayo miradi mingi imeichagua kwa tafsiri, huihifadhi kila tafsiri ndani ya git kwa jina la aliyeitafsiri, kwa hiyo jambo hili tayari lina zana, na hakuna haja ya roboti kuandikwa mfasiri.

La pili linahusu anwani. Huduma mnaikodi, na kukodi si aibu, lakini jina la kikoa, yaani anwani ambayo watu huiandika kuifikia tovuti yenu, lazima liwe lenu, limesajiliwa kwa jina la wakfu au chama chenu, na funguo zake zisikae kwa mtu mmoja wa kujitolea ambaye akiugua hakuna ajuaye pa kuanzia. Google Code, huduma ya Google ya kupangisha miradi ya programu, ilipotangaza Machi 2015 kwamba inafungwa, miradi iliyokuwa imewafundisha watu anwani iliyo chini ya jina la Google ilijikuta ikiwatafuta watumiaji wake mmoja mmoja. Vitabu vya kozi vilivyochapishwa, maelekezo yaliyobandikwa ukutani maabara, mafaili ya usanidi ndani ya kompyuta za watu, vyote vilielekeza mahali ambapo mradi haukuwa na mamlaka napo. Mradi wenye kikoa chake hubadilisha seva usiku na asubuhi mtumiaji wa Songea hajui kama kuna kilichotokea.

Na nyumba mliyoiacha nayo ina mlango. Watengenezaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, waliacha kuweka programu yao ya Windows kwenye SourceForge, huduma ya kusambazia programu, mwaka 2013, na mwaka 2015 ikabainika kwamba wenye huduma wameichukua akaunti ile ya zamani na wanasambaza programu ikiwa imefungashwa na matangazo. Wenye huduma waliacha baada ya malalamiko, na mwaka uliofuata SourceForge ilipata wamiliki wapya waliouondoa mtindo huo, lakini kwa muda ule mtu aliyefuata kiungo cha zamani kwa nia njema alipata kitu ambacho GIMP hawakumpa. Kwa hiyo mpango wa kuhama ueleze pia akaunti za zamani zitabaki mikononi mwa nani na kwa muda gani, na tangazo la kuhama libaki pale pale kwenye ukurasa wa awali, kwa sababu wengi wetu tunafika kwa kiungo alichotupa rafiki miaka mitatu iliyopita.

Nigusie mtandao, ambao kwa walio mbali na seva zenu si jambo dogo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na kwa siku kadhaa Tanzania, Kenya na majirani zetu wakabaki na intaneti ya kudonoa. Hata katika siku za kawaida wengi tunanunua bando la wiki na kuligawa kati ya kazi, familia na kujitolea. Mnapoandika kwamba kila mchangiaji afute nakala yake na achukue hazina upya, kwenu ni dakika tano na kikombe cha kahawa. Kwangu ni usiku mzima, na kwa kuwa git haiendelezi nakala ya kwanza iliyokatika njiani, umeme ukizimika nikiwa nimefika asilimia tisini ninaanza sifuri na bando limekwisha. Dawa yake ipo na ni rahisi. Ifungeni hazina yote katika faili moja, muiweke kwenye seva ya kawaida ya mafaili, ambako upakuaji uliokatika huendelea ulipoishia. Nikishalipata faili hilo, git itachukua mabadiliko machache tu yaliyobaki. Kernel.org wamewahi kutoa mafaili ya namna hiyo kwa Linux. Wekeni pia muda wa kutosha ambao anwani ya zamani na mpya zote zinajibu, na kama historia haikuandikwa upya, waambieni watu wazi kwamba hawahitaji kufuta chochote, wabadilishe anwani tu kwa amri moja, na muiandike amri hiyo ndani ya tangazo.

Kuhusu akaunti nitakuwa mfupi. Julai 2019 GitHub, ikitii vikwazo vya Marekani, iliwawekea mipaka watumiaji wa Iran, Syria na Crimea, na Iran ilirudishiwa huduma kamili Januari 2021 baada ya kampuni hiyo kupata kibali cha serikali. Hazina za umma zilibaki zikisomeka muda wote. Hata hivyo tulijifunza kwamba mlango wa mradi unaweza kufungwa na sheria ambayo mradi haukuitunga na mchangiaji hakuivunja. Mkichagua huduma, acheni walau njia moja ya kuleta mchango isiyodai akaunti ya kampuni, hata kama ni kiraka, yaani faili dogo lenye badiliko la msimbo, kilichotumwa kwa barua pepe kama watunzaji wa Linux wanavyopokea hadi leo.

Limebaki la fedha, na hapa narudi kwa freedesktop.org, kwa kuwa 2025 haikuwa mara yao ya kwanza. Mwanzoni mwa 2020 Wakfu wa X.Org, unaozigharimia seva hizo, ulitangaza kwamba gharama za seva, hasa za mitambo inayolijaribu kila badiliko kabla halijaingizwa, zimepanda hadi takriban dola 75,000 kwa mwaka na kwamba huenda ukalazimika kuizima. Mfadhili akapatikana, kazi ikaendelea, na miaka mitano baadaye mfadhili akaifunga huduma yake. Sina neno baya juu ya wafadhili, kwa kuwa bila wao tusingefika hapa. Lakini nakubaliana na alichokisema Benjamin Tissoires, mmoja wa wanaozitunza seva hizo, wakati wa mjadala wa 2025, kwamba ni afadhali mradi uzilipie seva zake wenyewe na wafadhili wachangie fedha, ili mmoja akiondoka asiondoke na jengo. Ninyi wa bodi ndio mnaoweza kufanya uamuzi wa namna hiyo, si wasimamizi wa seva wanaoamshwa usiku. Chapisheni ankara za kila mwaka. Wekeni akiba ya kulipia walau miezi kadhaa ya seva kwa bei ya soko, hata kama leo mnapewa bure, ili siku notisi ikija muwe na muda wa kuhamisha na vile vinavyochukua muda. Nimejifunza kwamba maoni na majina huachwa nyuma kwa sababu ya haraka, na kwamba haraka husababishwa na kutokuwa na akiba. Sijawahi kukutana na msimamizi aliyeamua kwa makusudi kuyafuta mazungumzo ya watu. Nimekutana na wasimamizi waliobakiwa na siku nne.

Nawaomba basi kwamba katika tangazo la uhamisho ujao, mahali popote litakapotolewa, kuwe na aya moja inayotaja kwa majina vitu vinavyohama, vitu visivyohama na mahali ambapo visivyohama vitaendelea kusomwa. Litoeni tangazo hilo kabla kazi haijaanza, ili aliye na kitu ndani apate nafasi ya kusema.

Nasi tutafanya sehemu yetu. Mkitupa orodha ya viungo vya zamani vya kurasa za Kiswahili, mimi na wenzangu tuliobaki tutavifungua kimoja kimoja siku ya kuhama na wiki nzima itakayofuata, tukiwa kwenye mitandao ya simu ya kwetu, na tutawaandikia kipi kinafika na kipi hakifiki. Tumekwisha kugawana zamu. Tunachosubiri ni tarehe.

Ni mimi,

Mfasiri wa kujitolea wa programu huria,
Morogoro, Tanzania